Peku Hadi kwa Yesu

Mambo yalianzia Kitale, dukani kwa muuza spea. Huku akinitafutia beringi ya pikipiki, yule mzee wa Kihindu alinisimulia Tirumala, hekalu la Venkateswara lililo juu ya vilima saba kule Andhra Pradesh, India. Kutoka Alipiri, chini ya vilima hivyo, kuna ngazi zipatazo 3,550, na waumini wengi huzipanda peku. Wengine hunyolewa nywele zote ziwe sadaka. Nywele sina, umri ulishazichukua bila kuniomba. Lakini nyayo ninazo.

Kwetu Kainuk vilima ni tele, ila mtu ukimwona anakwea huwa anafuata ng'ombe, si Mungu. Basi Jumamosi moja nikamkokota shemeji yangu, tukapita Lokichar hadi Lodwar, kwenye kilima chenye sanamu ya Yesu aliyekunjua mikono kama yule wa Rio de Janeiro. Saa tano na nusu nikavua viatu, nikampa kijana mmoja shilingi hamsini avilinde.

"Shemeji, utaungua."

"Imani haiungui," nikajibu. Sijui sentensi hiyo niliitoa wapi.

Mawe ya Lodwar ni meusi, ya volkano, na jua huanza kuyakaanga kabla watu hawajanywa chai. Hatua ya kumi nilikanyagia vidole. Ya ishirini nikawa naruka. Watoto waliokuwa chini wakaanza kunipigia makofi kwa mdundo, wakidhani nacheza ngoma ya edonga. Nikaona kivuli cha kichaka, nikakirukia kwa shukrani. Kilikuwa kivuli cha mathenge. Mwiba wa mathenge hutoboa tairi. Mimi sikuwa na hata soksi.

Kileleni, saa sita, jua la karibu na ikweta liko utosini, kwa hiyo Yesu mzima na mikono yake yote alikuwa na kivuli cha kutosha mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mama mzee, ameketi, amevaa akala.

"Ejoka, mama," nikasema nikiwa kwenye mguu mmoja.

"Ejoka. Viatu wamekuibia?"

"Nimevua kwa heshima. Hata Musa alivua."

"Musa aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?"

"Mhindi wa spea. Wa Kitale."

Akaniangalia kwa huruma, kisha akamtazama Yesu kule juu. "Na huyu? Yohana Mbatizaji si alitaja kamba za viatu vyake? Kamba za nini, mwanangu, kama alitembea peku?"

Niliteremka nimevaa soksi za shemeji, jambo ambalo sasa linasimuliwa kila tukikutana kwenye harusi. Chini, viatu vyangu nilivikuta miguuni mwa yule kijana. Alisema ardhi ilikuwa ya moto mno kuviacha hapo.

Wiki iliyofuata nilirudi Kitale nikichechemea, nikamuuliza mzee yeye alizimalizaje ngazi zote zile.

"Mimi?" akashangaa. "Mimi nilipanda basi."