Shangazi wa Mitambo: "Wakala Wangu Hanielewi"

Wiki hii mkoba wa Shangazi umejaa barua za wasanidi programu wanaoteswa na mawakala wa akili unde. Tuzisome.

Shangazi, shikamoo. Nimemjengea wakala wangu zana mbili, tafuta_mteja na pata_mteja. Zote nimezieleza: "Huleta taarifa za mteja." Nikitaka aende kwa huyu, anakwenda kwa yule; kesho anageuza. Ananichezea?
*Mwenye Wivu, Kinondoni*

Marahaba, mwanangu. Hakuchezei, umemchanganya mwenyewe. Wakala haoni msimbo uliokesha ukiuandika. Anaona jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, basi. Zana mbili zikiwa na maelezo yale yale, atabahatisha, hata wewe ungebahatisha. Ya kwanza iandike: "Hutafuta kwa jina au sehemu ya jina, huleta wateja wasiozidi 10. Itumie usipojua namba ya mteja." Ya pili: "Huleta salio na oda za mteja mmoja kwa namba yake. Usiitumie kutafuta jina." Ukishindwa kusema tofauti yao kwa sentensi moja, huenda hiyo ni zana moja uliyoipa majina mawili. Ziunganishe.

Shangazi, nakata tiketi za basi la Nairobi–Arusha. Abiria aliomba basi la saa mbili asubuhi, wakala akajaza 02:00, zana ikajibu "Hitilafu 400". Akarudia, ikajibu vile vile. Abiria kanitukana, kaenda zake. Kigezo chenyewe kinaitwa "saa", na maelezo yake ni "saa ya safari". Kosa la nani?
*Niliyetukanwa, Namanga*

Lako. Hesabu yetu ya saa huanza alfajiri, ya kompyuta huanza saa sita usiku. Wakala kapewa mbili, na hakuna aliyemwambia unataka hesabu ipi. Andika hivi: "saa_ya_kuondoka: kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, mfano 08:00. Abiria akisema saa mbili asubuhi, jaza 08:00."

Ukiwa hapo, kagua na vigezo vingine. Tarehe 04/03 kwetu ni Machi 4, kwa Mmarekani ni Aprili 3. Dai mwaka, mwezi, siku, kama ISO 8601 inavyotaka: 2026-03-04. Nauli je? Basi lako linavuka mpaka, kwa hiyo "shilingi" peke yake haisemi kitu. Weka kigezo cha sarafu kinachokubali KES au TZS tu, asiwe na nafasi ya kubuni ya tatu.

Hiyo "Hitilafu 400" nayo ifute. Zana ijibu: "Hakuna basi saa 02:00. Siku hiyo yapo ya 08:00 na 14:00." Majibu ya zana ni maelezo pia. Wakala akiyasoma yaliyo wazi, mara nyingi hujirekebisha; akipewa namba tupu, atagonga mlango ule ule mpaka abiria achoke.

Shangazi, nimeandika kwa herufi kubwa "USIFUTE ODA BILA RUHUSA!!!" Bado kafuta. Hana adabu?
*Aliyeumia, Kisumu*

Herufi kubwa si kufuli. Maelezo humwongoza wakala, hayamzuii. Eleza kwamba oda ikifutwa hairudi, na ni wakati gani kuifuta kunafaa. Kisha weka kizuizi ndani ya programu: isifutike mpaka mtu abonyeze kukubali. Na kama kazi yake ni kusoma oda tu, zana ya kufuta alipewa ya nini?

Shangazi, nimepata zana za bure za MCP na kumuunganishia wakala wangu zote. Maelezo yake sijayasoma. Kuna ubaya?
*Mpenda vya Bure, Tanga*

Upo. MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, imerahisisha kuunganisha zana za watu. Haikuahidi kuwachuja watu wenyewe. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba ndani ya maelezo ya zana mtu anaweza kuficha amri, mfano ya kumtaka wakala asome mafaili ya siri na kuyapeleka nje. Wewe unaona jina zuri, wakala anasoma aya nzima na huenda akaitii. Yasome neno kwa neno. Hata zilizo salama usizirundike, maana maelezo ya kila zana hula nafasi ya wakala kabla hujamuuliza lolote, na zana zikizidi, kuchagua humwia vigumu.

Kwenu nyote: kabla ya kumlaumu wakala, mpeni maelezo yenu mwenzenu ambaye hajauona msimbo. Kila swali atakalouliza, jibu lake liandikeni humo humo. Asipokuwa na swali tena, mwiteni wakala.