Namna ya Kusomea Salamu Hadi Shahada ya Uzamili

Kwanza kabisa, sahau ulikokulia. Kama ulilelewa Ngarenaro, Arusha, kwenye nyumba ya kupanga ambayo Mmeru, Mpare, Msomali na Mrangi waligombea bomba moja la maji, usithubutu kulitaja jambo hilo kwenye barua ya maombi. Yale uliyoyajua pale, nani asalimiwe kwanza, duka gani halikuuzii sindano usiku, mama yupi akisema "haya, sawa" ujue umemuudhi, hayo si elimu. Hayo ni umbea. Yatageuka elimu muhula wa pili wa shahada ya uzamili ya mawasiliano baina ya tamaduni, utakapofundishwa kwa Kiingereza na kulipia ada.

Barua ijaze shauku. Sema unataka kujenga madaraja kati ya tamaduni. Usihofu, TANROADS hawatakudai leseni.

Ukishapokelewa, utakutanishwa na Mmarekani aitwaye Edward T. Hall. Mheshimu. Mzee huyu aliwafundisha wanadiplomasia wa nchi yake namna ya kuishi na watu, na mwaka 1966 akachapisha vipimo vya hewa iliyopo kati ya mtu na mtu. Hadi sentimita 45 ni eneo la wapendanao. Kutoka hapo hadi sentimita 120 ni la marafiki. Mbele yake, hadi mita tatu na nusu hivi, ndipo wanaposimama watu wa kazi na wasiojuana. Kwa kipimo hicho, abiria wote wa daladala ya Kwa Mrombo saa kumi na mbili jioni ni wachumba, na konda ndiye mshenga. Hall mwenyewe alikiri kwamba vipimo vyake vilitokana zaidi na Wamarekani wa tabaka la kati, wa pwani ya kaskazini-mashariki. Ungamo hilo huwa halimo kwenye slaidi za mhadhiri.

Baada ya Hall anakuja Geert Hofstede, Mholanzi, na huyu ndiye atakayekufikisha kwenye mahafali. Alichambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa IBM, yaliyojazwa kati ya mwaka 1967 na 1973, na mwaka 1980 akatoa kitabu kinachoyapa mataifa alama kama watoto wa darasa la nne. Itafute Tanzania kwenye majedwali yake ya baadaye. Utaikuta ndani ya kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia, na kapu limeandikwa Afrika Mashariki: umbali wa madaraka (mdogo anavyoukubali ukubwa wa mkubwa) 64, ubinafsi 27. Yaani Mwethiopia mwenye kalenda yake ya miezi 13, mchimba shaba wa Kitwe, mama wa mitumba wa Gikomba na bibi yako wa Usangi, wote wana ubinafsi wa 27. Kazi ni kwako kuamua bibi amechangia ngapi.

Usibishane na namba hizo, zikariri. Siku mgeni atakapokuuliza kwa nini Watanzania ofisini hawampingi bosi wao kikaoni, usimwambie kwamba mikataba yao inaisha Desemba na bosi ndiye anayeisaini. Hilo jibu hata mlinzi wa getini analo. Tulia, shika kalamu, tazama dirishani kidogo, useme: "Sitini na nne." Utaona anavyoandika.

Tasnifu isikuumize kichwa. Chagua mada isiyomkera msimamizi wako, na kwenye mapungufu ya utafiti andika kwamba sampuli ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo kweli.

Mahali penye kazi hasa ni pale utakapotakiwa kuketi kati ya watu wawili wasioelewana na kumfikishia kila mmoja alichosema mwenzake. Hapa nitajitolea mfano mwenyewe, maana cheti ninacho na aibu ninayo.

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuhitimu ilikuwa ya siku mbili, kijijini, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wageni wa shirika moja walitaka kuhamisha kituo cha maji kutoka juu kwa wazee kwenda chini barabarani. Wakaeleza mradi kwa dakika ishirini, michoro ikazungushwa, mimi nakalimani kwa mbwembwe zote. Mgeni akauliza: mnakubali? Akasimama mzee mmoja, akavua kofia. Akashukuru ujio wetu. Akasimulia mvua za mwaka fulani, akamtaja aliyechimba mfereji wa kwanza, na mwanawe, na mjukuu aliyekuwa ameketi palepale kwenye benchi. Akatupa pole na safari. Kisha akasema: "Basi, tumewasikia," akaketi.

Nikaifikisha kwa Kiingereza safi kabisa: wanashukuru, na wamesikia. Mgeni akaandika kwenye daftari lake kwamba wamekubali. Ile "pole" nayo ilinitoa jasho, kwa sababu niliitafsiri kama ya mtu anayeomba radhi, mgeni akabaki kujiuliza mzee amemkosea nini.

Tulipokuwa tunarudi, dereva alinyamaza mpaka tukafika lami. Ndipo akasema, "Dada, wale wazee wamekataa."

"Wamekataa saa ngapi, kaka? Nilikuwa pale!"

"Chai uliiona?"

Kweli, chai haikuletwa. Masufuria tuliyaona yakichemka tulipofika. Aliyechimba mfereji alitajwa pamoja na kizazi chake ili tujue maji yale yana wenyewe. Dereva aliyasoma yote hayo akiwa ameegemea gari, na hakuna jedwali alilowahi kukariri. Mabomba yalipelekwa hata hivyo. Mara ya mwisho nilipopita pale yalikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji, nyasi zimeyafunika.

Kwa hiyo kanuni muhimu ya mwongozo huu ni kwamba umtafute dereva. Kaa naye kiti cha mbele. Kwenye bajeti ya mradi atakuwa chini ya kifungu cha mafuta, wewe chini ya kifungu cha wataalamu, na hilo lisikuzuie kumuuliza.

Kuna mahali ambapo mzaha wangu unaisha, napo ni hapahapa Arusha. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliundwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, na ilikaa kwenye majengo ya mikutano ambayo leo tunakwenda kuhudhuria semina na kula sambusa. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya Septemba 2, 1998, majaji walitenga sehemu nzima kueleza ugumu wa kuuhamisha ushahidi kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza. Mtaalamu wa lugha aliitwa kufafanua maneno. Inyenzi ni mende, kila kamusi inasema hivyo, na kamusi haikuambii neno hilo lilimaanisha nini lilipotamkwa mwaka 1994, na nani, mbele ya nani. Majaji waliandika pia kwamba mashahidi wengi walipata taabu kutaja tarehe, saa na umbali, na kwamba kwa Wanyarwanda jambo nyeti aghalabu halijibiwi moja kwa moja. Wakili aliyezoea mahakama za kwingine, akimwona shahidi anazunguka, humdhania mwongo. Kati ya wawili hao aliketi mkalimani.

Ndiyo maana nasema, kama chuo chako kina kibanda cha ukalimani, na vipokea sauti vyake vinafanya kazi, weka chini mwongozo huu ukafanye mazoezi. Ukalimani sambamba hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, kwa kuwa akili huchoka kabla mdomo haujachoka. Kuandika vidokezo wakati mtu anazungumza dakika sita mfululizo, kisha kuyarudisha yote bila kupunguza wala kuongeza chumvi, hakuna mtaa unaokufundisha. Hata Ngarenaro. Kule chumvi ilikuwa lazima.

Usiambiwe soko hakuna. Julai 2004, Joaquim Chissano, wakati huo rais wa Msumbiji, alisimama kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa akahutubia kwa Kiswahili, lugha iliyozoeleka kwa wapigania uhuru wa Frelimo tangu chama chao kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Ukumbi haukuwa umejiandaa. Fikiria marais wanabonyeza vitufe kutafuta sauti isiyokuwepo. Ilichukua hadi Februari 2022 kwa Umoja huo kukipa Kiswahili nafasi ya lugha ya kazi. Nafasi ya lugha imepatikana, sasa wasaka ajira tunasubiri nafasi zetu.

Ukiisubiri yako, andaa wasifu. "Nilikulia nyumba ya kupanga" iandike "uzoefu wa miaka kumi na minane katika mazingira ya tamaduni mchanganyiko." Kusuluhisha ugomvi wa bomba kuwe "usimamizi wa rasilimali shirikishi." Sijadanganya hapo, nimekalimani tu.

Mimi niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya mratibu wa mawasiliano ya kitamaduni, katika ofisi ambayo sitaitaja. Ujumbe ulikuja kwa Kiswahili, kwa heshima zote: fika saa tatu bila kuchelewa. Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa getini, viatu vimefutwa vumbi. Mlinzi akatazama orodha yake, akanitazama mimi, akanitolea kiti cha plastiki. Saa tano akaniletea maji. Saa saba akanigawia nusu ya muhogo wake. Aliyeandika ujumbe alikuwa mgeni anayejifunza lugha yetu kwa bidii. Saa yake ilionyesha tatu, akaandika tatu.

Nikaingizwa ndani saa tisa alasiri, sketi imekunjamana. Swali la kwanza lilikuwa: tueleze namna unavyozuia kutoelewana kati ya tamaduni.

Nawe ukipata ujumbe wa namna hiyo, kabla hujapiga pasi, piga simu uulize ni saa tatu ya nani. Ile kazi alipewa mwenzangu aliyefika saa nane na dakika hamsini, ameshakula.