Kabla Hujaandika 777

Tovuti imegoma, mteja anapiga simu, na mkono wako tayari unakimbilia ruhusa ya 777. Mkono huo ufunge kamba. Soma kwanza namba iliyo kwenye kioo. 404 ina maana seva imetafuta na haikuona kitu. 403 ina maana imekataa kukupa, na hapo wengi hukurupukia ruhusa bila kutazama faili ziko wapi.

Seva nyingi za kukodi hufungua tovuti kutoka folda moja, mara nyingi public_html. Ukipakia zipu na kuifumua humo, faili huweza kujibanza kwenye folda ya ziada: public_html/duka/index.php. Seva inafika public_html, haikuti index, na kwa kuwa imezuiwa kuonyesha orodha ya vilivyomo, inakutupia 403. Unaweza kukesha ukibadili ruhusa, kumbe shida ni folda moja iliyozidi! Ingia duka, chagua vyote, hamishia public_html. Ila washa kwanza uonyeshaji wa faili zilizofichwa, maana .htaccess huanza na nukta na ni bingwa wa kusahaulika nyuma. Kagua na majina: kwenye Linux, Picha na picha ni folda mbili, hata kama Windows yako haijawahi kulalamika.

Sasa ruhusa. Kusoma ni 4, kuandika 2, kutekeleza 1, jumlisha. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya wengine wote. Folda zipe 755, faili 644. Kwenye folda, ile 1 ndiyo ruhusa ya kupita ndani, kwa hiyo ukipiga 644 kila kitu kwa mkupuo, tovuti nzima inajifunga. Na 777? Umemruhusu kila aliye kwenye seva hiyo aandike atakacho. Tena baadhi ya seva hukataa kabisa kuendesha PHP yenye ruhusa hiyo, ukaambulia kosa la 500. Kama tovuti ni ya WordPress, faili ya wp-config.php, yenye nywila ya hifadhidata, ipe 640 au 600.

Bado inagoma? Tazama mwenye faili ni nani. Zilizopakiwa na root, mtumiaji mkuu wa seva, si zako mpaka zipitie chown, amri ya kubadili mwenye faili. Kisha fungua error_log. Ukikuta Permission denied, njia ya faili imeandikwa palepale; ifuate folda kwa folda kuanzia juu, kwa sababu folda moja ikikosa ile 1, zote za chini yake hazifikiki.