Kiboko wa Vitshumbi na Kilele cha Missouri

Kwa Baba Mkubwa na jamaa wote wa Rutshuru na Kiwanja,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na goti hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Jana saa sita kamili ya adhuhuri, nikiwa nimeketi mbele ya sahani ya sombe, nayo sombe yenyewe imetoka katika friji ikiwa ngumu kama jiwe la volkeno, king'ora kilicho juu ya mlingoti mwisho wa mtaa kililia kilio ambacho hata simba wa Virunga angalikikimbia. Nanyi mwamjua mtu wa kwetu: asikiapo kishindo hangoji maelezo. Mkono mmoja ukanyakua bahasha ya hati, ambayo tangu nilipofika haijaondoka karibu na mlango, wa pili ukanyakua sufuria, na ngazi nikazishuka kwa goti. Nilipoinuka nikamwona jirani yangu, bibi mtu mzima, akimwagilia maua. Akaniuliza kwa upole sufuria ile nampelekea nani.

Kumbe ni majaribio! Kila mwezi, kwa siku na saa maalumu, hukiliza chombo kile ili wajue kingali na sauti, kwa hofu ya kimbunga. Wala siwacheki sana, maana tarehe 27 Aprili 1899 kimbunga kilipita katika mji huu wa Kirksville, jimboni Missouri, kikaua watu zaidi ya 30. Kilichonishinda ni kanuni yao ya kujiokoa. Volkeno yetu ya Nyiragongo ilipotapika mwaka 2002, na tena 2021, watu wa Goma walikwenda mbali, godoro kichwani, wengine wakafika hadi kwetu. Hawa wa hapa, shari ikija, hushuka katika chumba kilicho chini ya nyumba, wakakaa na tochi na biskuti hadi ipite. Nilimfahamisha yule bibi kwamba kwetu shari hutoka huko huko chini anakojificha yeye. Akanitazama kwa huruma, akarudia maua yake.

Ama mintarafu ya jiografia, karibu na mji iko bustani ya jimbo iitwayo Thousand Hills, yaani Vilima Elfu. Mwenzenu, kusikia jina hilo, moyo ulinienda mbio, nikavaa koti na viatu vya kupandia mlima Mikeno. Nilitembea asubuhi nzima nikiulizia vilima, kumbe nimekwisha kuvipita nikidhani ni matuta ya viazi vitamu. Tena sikilizeni hesabu hii, maana niliihakikisha mara tatu: kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo zima la Missouri, ambalo ukubwa wake unazidi mikoa yetu yote miwili ya Kivu ikiunganishwa, ni mita 540 tu, ilhali Ziwa Edward, tunaloliona sisi kuwa ni bondeni kabisa, liko mita 900 na zaidi. Maana yake ni kwamba kiboko wa Vitshumbi, ufukoni mwa ziwa hilo, akiwa amejilaza matopeni bila ya kusudi lolote, yuko juu kuliko mpanda mlima hodari wa jimbo hili. Niliwaeleza haya wenzangu kazini; hakuna aliyecheka, nami nikatamani walau mtu mmoja wa Kiwanja awepo.

Historia ya mji ni fupi lakini ina ladha. Wapimaji wa ardhi walipokuja mwaka 1841, masimulizi ya wenyeji husema kwamba Jesse Kirk, mwenye nyumba ya wageni, aliwaandalia bata mzinga na wiski kwa sharti kwamba mji uitwe kwa jina lake. Wakala, wakanywa, wakaandika. Sisi wa Rutshuru jina letu ni la mto, na mto haukumlisha mtu. Mto wao wa hapa, Chariton, uliokuwa ukipindapinda kama mito yote, waliushika wakaunyoosha kwa mashine, hata sasa wafanana na mfereji.

Kuna jambo moja la aibu. Mama mkwe amekwisha kuwatangazia wanakwaya kwamba nafanya kazi Milan, Italia. Mwambieni, kwa adabu, kwamba kiwanda cha nguruwe nifanyiapo kazi kiko Milan ya wilaya ya Sullivan, mwendo wa kilomita kama 50 kutoka hapa, watu wake hawafiki 2,000, na wenyewe hutamka "Mailan". Kosa ni langu. Nilipompigia simu sikulitaja jimbo, nikaona si lazima.

King'ora kitalia tena mwezi ujao, na saa sita ya hapa ni saa moja ya jioni kwenu. Nawasihi mnipigie simu saa hiyo hiyo mnizungumzishe, maana bahasha ingali palepale mlangoni.

Mwana wenu wa ughaibuni