Amani ya Wenye Meno

Mkataba wetu wa nyumba hapa Hamburg unakataza mbwa kwa herufi nzito. Kuhusu pirana uko kimya. Pengo hilo aliligundua mwanangu Juma, mtoto anayesoma mikataba kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwenye hesabu, na ndivyo vifaranga wanane wa pirana walivyoingia sebuleni.

Kwa nini wanane? Juma alikuja na ushahidi. Mwaka 2005, Anne Magurran wa Chuo Kikuu cha St Andrews na Helder Queiroz wa Brazil waliripoti kwamba pirana wakiwa wawili tu hupumua haraka kwa woga, ila wakiwa wanane hutulia. Kumbe lile kundi la kwenye filamu linalommaliza ng'ombe kwa dakika moja hukaa pamoja kwa kuogopa kuliwa! Wa kwetu mgeni akibisha hodi tu, wote hujificha nyuma ya chujio kama wadeni waliomwona mwenye duka.

Ushujaa wanauweka kwa ajili ya ndugu zao. Kifaranga wa pirana ana umbo la sarafu, rangi ya fedha na madoa meusi. Wekundu wa tumboni huja baadaye; meno hayasubiri. Asubuhi moja tulimkuta mmoja amebaki na nusu mkia, na jirani yake akipita taratibu, mpole, kashiba. Pezi huota tena, alhamdulillahi. Jicho likienda limekwenda.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama mbele ya tangi akiwa amejifunga kanga kiunoni.

"Baba Juma, hawa wanakula mara ngapi?"

"Mara moja, mama. Jioni. Ndivyo alivyosema muuzaji."

"Mwenye njaa hana miiko, baba."

Wafugaji wazoefu husema hayo hayo kwa maneno mengi zaidi. Vifaranga wapewe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku: kamba na minofu ya samaki, vikatwe vidogo. Mabaki yatolewe kabla hayajaoza, kwani maji yakichafuka na hasira hupanda. Mwanga upunguzwe. Iwekwe mizizi na mimea, anayefukuzwa apate kona ya kumpotea anayemfukuza. Tangi liwe kubwa. Na juu ya yote walingane ukubwa, maana pirana aliyewazidi wenzake hawahesabu tena kuwa wenzake, ni kitoweo.

Wetu aliyewazidi Juma alimpa jina la Mjomba. Ikaamuliwa ahamishiwe tangi la peke yake mpaka wadogo wamfikie kimo. Nilikuwa nimesoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walirekodi mwaka 2011 sauti tatu za pirana: moja ya kutishana wakikabiliana, nyingine ya kugombea chakula, na ya tatu ya kusaga meno wakifukuzana. Nikatega sikio nisikie onyo. Mjomba hakuonya. Alizishika nyuzi za kimia nilichomvulia akazikata moja baada ya nyingine, akapenya, akatua kwenye zulia.

Mimi nilipanda kochi. Juma alikuwa keshafika huko kabla yangu. Mama mkwe alikwenda jikoni bila haraka, akarudi na upawa wa kifuu aliouleta kwa ajili ya mchuzi, akamzoa Mjomba na kumtia kwenye maji. Ukingoni mwa upawa ilibaki alama ya meno, vishimo vidogo vilivyopangana vizuri kuliko mshono wa cherehani.

Tangu ratiba ya chakula ibadilike, mikia imeota na vita vimepungua. Anayehangaika sasa ni mimi, ninayekatakata kamba alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mama mkwe keshaondoka, lakini hupiga simu kila jioni kutoka Tanga, na baada ya shikamoo yangu swali la kwanza ni kama watoto wameshakula. Juma anajua haulizwi yeye. Afya yangu huulizwa mwisho, bando likiwa bado lipo.