Puli Moja, Mafundi Mtaa Mzima

Ukiumwa tumbo Tabata, watu watakupa pole. Ukiwa na Land Rover inayolia, watakupa ushauri, tena bure, tena wakiwa wamesimama mbele ya gari ili usipate pa kupita. Yangu ni Defender yenye injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5 ya miaka ya 1990, na mlio wake ulikuwa wa kuku anayetaga yai lililomzidi uwezo.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alisema ni tabo. Kwake yeye, kila chenye injini kinaumwa tabo. Kijana wa bodaboda akampinga: "Hizo plagi, mzee. Zimekwisha." Nikamweleza kwamba dizeli haina plagi za cheche, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Akanitazama kwa huruma. "Sasa kama haina hata plagi, isilie kwa nini?"

Aliyesema la maana ni mama muuza vitumbua, ambaye hajawahi kufungua boneti. "Gari lako linalia sana alfajiri, halafu ukifika pale kwenye kona ukakata usukani, ndiyo linapiga yowe kabisa. Mjukuu wangu anaamka." Hakutaja ugonjwa, alitaja dalili. Usukani wa pawa una pampu, pampu inazungushwa na mkanda, na ukikata kona mkanda unaongezewa mzigo. Nikampigia fundi.

Fundi akaja na bisibisi ndefu. Injini ikinguruma, akagusisha ncha kwenye bolti ya katikati ya puli, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Akahamia puli nyingine, akafumba tena. Mwalimu akaninong'oneza: "Anaongea na nani?"

Kwa ambao hawajawahi kuchungulia, mbele ya injini hii kuna mkanda mrefu wenye mifereji. Kranki inauvuta, nao unazungusha alternata, pampu ya maji na pampu ya usukani. Ukikatika, taa ya betri inawaka, usukani unakuwa mzito, na maji yanachemka kabla hujapata kivuli cha kuegesha. Katikati ya wachapakazi hao kuna puli ya tenshena. Haizalishi umeme, haisukumi maji, kazi yake ni kuubana mkanda ili wengine wafanye kazi. Na ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wasikunje uso, nazungumzia gari.

"Feni itoke kwanza, nipate nafasi," fundi akasema, akaenda kuazima spana nyembamba ya 32. Alipogeuza mgongo tu, mtaa ukaamua kumsaidia. Mwalimu akaleta spana ya bomba aliyorithi kwa baba yake. Bodaboda akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili nguvu iongezeke. Wakavuta kushoto, kama nati zote za duniani zinavyofunguliwa, mishipa ya shingo imewatoka, mpita njia mmoja asiyejulikana ameshika kiuno cha mwalimu asianguke.

"Mnaikaza," fundi akasema aliporudi. "Hiyo inafunguka kinyume."

"Kinyume cha nini?"

"Cha nati."

"Basi ni kinyume cha sheria," mwalimu akahitimisha, akakaa chini.

Fundi akaelekeza spana kulia, akaigonga kwa nyundo mara kadhaa (zaidi ya alivyotarajia, na kila alipogonga aliwatazama wasaidizi wake), nati ikaachia. Mkanda ulipotoka, akaanza kuzungusha puli moja moja kwa kidole. Hapo mimi ningedanganyika, maana puli nzima inazunguka kwa uzito kidogo na kusimama mapema, kwa sababu grisi inaishika. Ile mbovu ilizunguka kwa furaha, haitaki kusimama, huku ndani ikisagika mchanga. Akabandua mpira wa beringi kwa ncha ya kisu. Grisi ilikuwa imebaki unga mkavu wa kahawia.

Puli yenyewe ilikuwa haijalika, kwa hiyo nikatumwa Gerezani kutafuta beringi tu. Namba iliyochongwa ubavuni ilisomeka 6203, na uzuri wa namba hizi ni kwamba hazina kabila: popote utakapoinunua, tundu ni milimita 17, upana wa nje 40, unene 12. Muuzaji hakupendezwa na elimu yangu. "Unataka orijino, ya kawaida, au ile nzuri?" Mpaka leo sijui ile nzuri ni ipi. Akanipa yenye mkia wa ZZ, iliyozibwa kwa bati, akisifu kwamba chuma hakichakai. Nikaomba 2RS, iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili, maana mbele ya injini panakula vumbi na tope. Akaitoa kwenye droo ileile.

Fundi aliigongea ndani kwa kukalisha soketi pana kwenye ringi ya nje. Ukigonga ringi ya ndani, kishindo kinapita kwenye gololi na beringi inakufa kabla ya kuanza kazi. Gari likawashwa, likanguruma kama dizeli, basi.

Bisibisi sasa anayo mwalimu. Alimwomba fundi amwachie, akaachiwa, na tangu hapo hakuna motokaa, friji wala cherehani mtaani isiyowekewa sikio. Juzi alisikiliza pampu ya kisima cha msikitini, macho ameyafumba, watu wamemzunguka. Akasema ni tabo.