Ya Gari au ya Bodaboda?

"Nataka GPS," nilimwambia kijana wa duka, Kariakoo.

"Ya gari au ya bodaboda?"

"Ya mkononi."

Akaniangalia juu mpaka chini, akainama nyuma ya kaunta, akaibuka na saa ya mtoto yenye picha ya sungura. "Hii ukimvalisha, popote alipo unamwona kwenye simu." Nikamwambia simtafuti mtoto. Akasogea, akapunguza sauti kama yuko msibani. "Nimekuelewa, boss. Ni shemeji, eti? Ninayo ndogo kama kifungo cha shati. Unaiweka kwenye pochi yake, hata hajui."

Duka la pili waliniuliza pikipiki yangu imeibwa lini. La tatu waliniuliza namuwinda nani. Ukisema GPS mjini, watu wanajua una mwizi au una mke. Anayetaka kujua yeye mwenyewe yuko wapi hajatengewa duka.

Aliyeniponza ni mpwa wangu anayesoma Ujerumani. Alikuja Morogoro likizo na mchezo wake uitwao jiokashingi. Mtu anaficha kikopo mahali, anaweka latitudo na longitudo zake kwenye tovuti, na wengine wanakwenda kukisaka kwa GPS. Ukikipata unaandika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo, unakirudisha palepale, unashika njia. Ndani huwa na vikorokoro pia, sarafu, vidoli, vibanio vya nywele, na sheria ni kwamba ukichukua kimoja uache kingine cha thamani ileile au zaidi. Zawadi hakuna. Nilimuuliza mara mbili. Hakuna.

Mambo haya yalianzia Marekani. Nchi ile ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukukosesha njia kwa mita mia moja. Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, uvurugaji ukakoma kwa amri ya Rais Clinton. Kesho yake, Mei 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaingia porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaficha ndoo na kuwatangazia watu namba za mahali ilipo. Ndani aliweka vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Nasema maharage, ya kula, porini, na mwenyewe akaenda zake nyumbani. Clinton alikuwa na mengi kichwani mwaka ule. Sidhani kama aliwaza kwamba amri yake ingenifikisha siku moja kwenye banda la mbuzi la bibi mmoja wa Uluguru.

Kwanza nilijaribu simu. Nisiwe mwongo, simu inatosha kabisa. GPS yake hata haili bando. Anayekula bando ni ramani. Ila kava la simu yangu linafungwa kwa sumaku, na dira ikikaa na sumaku inakuwa kama mlevi aliyeulizwa njia. Inakujibu bila kusita, na kila ukiuliza tena inakuonyesha upande mwingine. Nilizunguka mti mmoja nusu saa nzima huku watoto wa mtaani wakihesabu mizunguko. Mpwa wangu akaona aibu. "Mjomba, nunua ya mkononi. Ya bei nafuu tu."

Kabla hajaondoka aliniandikia vigezo kwenye karatasi. Itumie betri za AA, zinazopatikana dukani kokote. Ivumilie maji, hata ikizama mita moja kwa nusu saa isife. Ipokee satelaiti za Warusi, GLONASS, pamoja na zile za Wamarekani. Iunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB. Na ikiwezekana iwe na dira yake ndani, inayojua kaskazini hata ukiwa umesimama. Akatoa na mfano, Garmin eTrex 10 ya mwaka 2011, skrini haina rangi lakini betri mbili zinakwenda saa 25. Pembeni akaongeza: "Hii dira haina, lakini mjomba utavumilia."

Ilikuwa karatasi nzuri sana. Niliipoteza kwenye basi la Dar. Kichwani yakabaki maneno mawili tu, bei nafuu.

Kibanda cha nne kilikuwa cha mzee wa vifaa vya mtumba, na hapo ndipo nilipokiona. Cha njano, kimechubuka pembe zote, kamba yake imeungwa kwa uzi wa kiatu. "Hiki kilikuwa cha mpima ardhi," mzee alisema, kwa sauti ile wanayotumia madalali wakikuuzia gari la padri. "Amestaafu. Hakijawahi kukosea hata siku moja." Akataka laki mbili na nusu. Nikataja themanini. Tukaitana ndugu, tukalaumiana, nikaondoka mara mbili na kuitwa mara moja. Tukamalizana kwa laki moja na ishirini, na betri akaniwekea.

Nyumbani ndipo nilipokichunguza. Hakina ramani. Hakina dira. Tundu la waya wake ni la duara, na sijaona kompyuta yenye tundu la aina hiyo. Jina la mahali lisizidi herufi sita. Namba zinaingizwa kwa vitufe vya pembeni, tarakimu mojamoja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Kwenye mipangilio nilikuta mahali panaandikwa kwa mtindo wa wapima ardhi, UTM, tarakimu ndefu kama akaunti ya benki, nikazigeuza kuwa digrii na dakika alivyonielekeza mpwa. Mstari wa chini yake ulisomeka "Arc 1960". Nikadhani ndio mwaka aliozaliwa mwenye kifaa. Kwa heshima ya mzee wa watu, sikuugusa.

Kikopo nilichokichagua kimefichwa kwenye mteremko wa Uluguru, chini ya jiwe, njia ya kwendea Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani. Niliingiza namba, nikatoka uani, nikakiweka kifaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kisake satelaiti. Zinazunguka juu huko, kilomita elfu ishirini na ushei, na zinatosha nne kukuambia uko wapi. Lakini kifaa kilicholala muda mrefu kimeshasahau hata zilipo, na orodha yao nzima inachukua dakika kumi na mbili na nusu kushuka. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama natafuta mtandao. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ya nne ikapatikana. Mshale ukageuka kaskazini, na umbali ukaandikwa: kilomita 1,513.

Uluguru iko kusini ya nyumba yangu. Naitazama kila asubuhi nikipiga mswaki. Nikachukua atlasi ya mtoto na rula. Kikopo changu, kwa mujibu wa kifaa kisichokosea, kilikuwa Ethiopia, jirani na mji wa Wolaita Sodo. Nilikuwa nimeweka N badala ya S. Herufi moja tu, na nimeshavuka Ikweta na Kenya nzima bila pasipoti. Mama watoto, aliyekuwa akichambua mchicha hapo barazani, aliuliza bila kuinua kichwa kama nitawahi chakula cha mchana.

Nikarekebisha, na safari nikaipanga Jumamosi. Ijumaa usiku betri za mzee zikakata roho. Za dukani nazo zikadumu dakika arobaini. Saa kumi na mbili asubuhi, nyumba yote imelala, nilitoa betri ya saa ya ukutani na nyingine kwenye rimoti ya king'amuzi. Nia yangu ilikuwa kuzirudisha kabla ya mtu kuamka. Kila mwizi ana nia hiyo. Simu nayo, iliyokuwa na chaji ya asilimia nne, nikaiacha kitandani.

Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara, nikaanza kupanda kwa miguu. Sasa, kifaa kisicho na dira kinajua unaelekea wapi kwa sababu moja tu, kwamba unatembea. Ukisimama, mshale unaanza kuzunguka. Kwa hiyo nikitaka kufikiri nisimame, na nikisimama sina cha kufikiria. Nilipanda hivyohivyo kati ya migomba, nikisalimia watu bila kusimama, kama mgombea aliyechelewa mkutano.

Mita 40. Mita 15. Mita 4. Nikainua kichwa. Mbele yangu palikuwa na banda la mbuzi, nyuma yangu mihogo. Jiwe halikuwepo, hata la kumfukuzia kunguru. Nikaanza kuzunguka banda, kifaa nimekishika mbele kwa mikono miwili kama sinia la keki. Mbuzi wakawa wananifuata kwa macho.

Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo aliyetoka ndani hakuwa mke wa mwenye shamba. Ndiye mwenye shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bikoni unataka kuiweka wapi?"

"Siweki bikoni, bibi."

"Mwaka juzi walikuja wenzako na kidude kama hicho. Wakasema wanapita tu."

Nikamweleza kwamba natafuta kikopo.

"Kikopo cha nani?"

"Simjui."

"Kina nini?"

"Daftari."

"La nini?"

"La kuandika jina."

"La nani?"

"Langu."

Akanyamaza. Nadhani alikuwa ananipa nafasi niyasikie maneno yangu mwenyewe. Kisha akayapanga taratibu, kama hakimu anayesoma maelezo ya mshitakiwa. "Umetoka mjini, kwa nauli yako, uje uandike jina lako kwenye daftari la mtu usiyemjua, ndani ya kikopo, bandani kwa mbuzi wangu."

"Ndiyo, bibi."

"Nyumbani wanajua uko huku?"

Aliyeniokoa ni mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi hivi, aliyekuwa juu ya mpera akifuatilia kesi. "Bibi, huyu ni wa lile jiwe. Wazungu huwa wanakuja kule chini, wanachutama, wanaandika, wanacheka, wanaondoka."

"Basi mpeleke," bibi akasema. "Na akitoka huko asirudie njia hii."

Tulishuka kama dakika tano. Mtoto hakuwa na satelaiti hata moja. Akaniongoza mpaka kwenye jiwe kubwa lenye ufa, akaingiza mkono, akatoa kopo la plastiki, akanipa kama anayempa mtu chenji yake. Kifaa mkononi mwangu kilikuwa kinasisitiza kwamba bado, turudi juu, zimebaki mita mia mbili na zaidi.

Ndani mlikuwa na kidaftari, kalamu, kidubu cha plastiki na senti za euro. Ukurasa wa kwanza mwenye kikopo ameandika kwamba amekificha mwaka 2017. Nikaandika jina langu. Tarehe nikainakili kutoka kwenye skrini, mbiombio, jasho likinidondoka kwenye karatasi na mtoto akiniambia kwamba wazungu humpa biskuti. Nikaacha sarafu ya shilingi mia mbili kopoani, mtoto nikampa mia tano, na kidubu sikukigusa. Niliteremka nikiwa na furaha ya kijinga kabisa, na nitaitetea furaha hiyo mbele ya yeyote.

Nilifika nyumbani saa nane mchana. Saa ya ukutani ilikuwa bado ni saa kumi na mbili na dakika nane, na mama watoto amekaa chini yake, mikono kifuani. Alikuwa ameamka, akaitazama, akaona bado mapema, akalala tena. Kikoba chao kinaanza saa tatu kamili, na kuchelewa ni faini, shilingi elfu tano. Ukijumlisha na kifaa, betri, basi la Dar na bodaboda, ile bei nafuu ilikuwa inaelekea laki mbili.

Jumatatu nilimpelekea kifaa rafiki yangu ambaye ni mpima ardhi, nikitaka athibitishe kwamba ni kibovu. Alibonyeza mara tatu, akakuta "Arc 1960", akacheka mpaka akakaa. Kumbe huo ndio mfumo wa vipimo uliochorewa ramani zetu za zamani, Tanzania na Kenya, wenye hesabu zake za umbo la dunia tangu mwaka 1880. GPS yenyewe, na vikopo vyote vya mchezo huu duniani, vinafuata mfumo mwingine, WGS 84. Ukisoma namba za mfumo mmoja kwa macho ya mfumo mwingine, unaangukia pengine. Kwa Morogoro unasogea zaidi ya mita mia mbili kuelekea kusini, na kusini kwetu ni juu mlimani, kwa mbuzi wa bibi. "Kifaa hakijakosea," alisema. "Kimekupeleka ulikokiambia." Akageuza mfumo, akanirudishia, kisha akakichukua tena mkononi mwangu.

"Na hii tarehe vipi?"

Skrini ilisema Julai 29, 2002. Tulikuwa Machi 14, 2022. Akanieleza na hilo: GPS huhesabu wiki, ikifika 1,024 inaanza upya sifuri, na mara ya mwisho ilianza upya Aprili 2019. Kifaa kizee hakina habari. Kinaamini bado tuko miaka karibu ishirini nyuma. Siku ya wiki huwa sahihi. Mwaka ndio tatizo.

Hapo nikakumbuka nilichonakili Jumamosi chini ya lile jiwe. Kwa mujibu wa daftari, mimi nilikipata kile kikopo miaka kumi na mitano kabla hakijafichwa.

Sijapata ujasiri wa kurudi, maana njia ninayoijua inapita kwa bibi. Kwa hiyo, msomaji, ukibahatika kufika pale kwenye jiwe lenye ufa, fungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi, tafuta Julai 27, 2002, unisahihishie iwe Machi 12, 2022. Biskuti za mtoto usisahau. Na kalamu nenda na yako, kwa sababu ile ya mle ndani niliondoka nayo.